Goma: kukomande chakula kwa WhatsApp, na nani analipa nyanya zikipondeka?

Ni saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi kwenye soko ya Kituku, kando ya ziwa Kivu. Boti zinazotoka Idjwi na pande za Minova zinashusha ndizi, mananasi, mihogo na makala. Miaka michache iliyopita, mama muuzishaji alikuwa anapokea mzigo wake, anaubebesha, kisha anaenda kukaa nyuma ya meza na kungoja wateja. Sasa wako wale wanaoanza kwanza na telefone. Wanapiga picha ya mananasi, wanaiweka kwenye statut ya WhatsApp na kuandika bei chini. Kabla ya saa mbili, mtu wa Himbi ao wa Katindo ambaye hata uso hajanawa amekwisha kujibu: "Mama, nibakishie tatu. Natuma motari."

Watu wengi wakisikia biashara ya mtandaoni wanafikiria mambo ya Ulaya na Marekani: unafungua ukurasa wa duka kubwa, unachagua, unalipa kwa karte ya banki, gari inafika mlangoni. Hapa kwetu mambo iko tofauti. Duka ya mtandaoni ya Goma, na hata ya Bukavu, Butembo ao Bunia, imejengwa na vitu vine: telefone ya mama, WhatsApp, akaunti ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, na kijana wa moto. Hakuna depo kubwa yenye baridi nyuma yake. Hakuna gari yenye jina ya kampuni. Lakini sombe inafika, na watu wanakula.

Tueleze kwanza namna komande inavyotembea, maana wasikilizaji wetu wengi wa vijijini wanatuuliza.

Mnunuzi anaandika liste yake: maharagwe murongo mbili, sombe ya kutwanga, sambaza ya franga elfu tano, nyanya kitunga kidogo, mafuta ya mawese litre moja. Yule anayepokea liste hiyo si kila mara mwenye kuuzisha. Mara nyingi ni binti ao mama kijana asiye na meza yake sokoni. Anazunguka Virunga, Alanine ao Kituku, ananunua huku kidogo na kule kidogo, anaweka yote mu kiroba, na juu ya bei anaongeza faida yake. Huyu ni kamisioneri. Kazi hii ya kununulia wengine iko ya zamani, hata kabla ya telefone ilikuwako. Kilichobadilika ni kwamba zamani kamisioneri alikuwa na wateja watatu ao wane wanaomujua kwa uso, na leo anaweza kuwa na grupu yenye watu mia ambao hajaona hata mmoja.

Upande mwingine kuna alimentasio, zile boutiki za mjini zenye sukari, mchele, maziwa ya unga na sabuni. Hizo kazi yao ni nyepesi. Paketi ya sukari iko paketi ya sukari. Haiozi, haipondeki, na mteja hana lazima ya kuiminyaminya mbele ya kununua. Ndiyo maana wengi wanaoanza biashara hii wanaanza na vitu vya paketi, na wale wanaogusa nyanya, lengalenga na samaki mubichi wanafunga wenyewe baada ya miezi michache ao wanajifunza kwa hasara.

Kisha kunabaki kazi ya kupata nyumba. Goma haina adresi kama zile za kuandikia barua. Kuna kartie, kuna aveni, namba ya parsele iko kwenye karatasi lakini majirani wenyewe hawaijui. Basi mtu anamuelekeza motari hivi: "Ukifika rond-point Signers, endelea kidogo, uliza pale kwenye cabine ya kuuzisha inite, ingia mkono wa kushoto, portai ya bluu." Motari anafika, anakuta portai za bluu ni tatu. Anapiga simu. Mwenye nyumba hana inite ya kurudisha simu. Wako wale wanaotuma sasa lokalizasio kwa WhatsApp, na inasaidia sana, kama mteja na motari wote wawili wako na mega na mtandao haujakatika. Kwenye kartie zilizojengwa juu ya mawe ya volkano, kama pale moto wa Nyiragongo ulipopita mwaka 2002, njia zenyewe ni mawe tupu. Kiroba kinaruka njia nzima. Mayai yanafika, lakini si yote.

Kwa nini basi watu wameingia mu mambo haya kwa nguvu siku hizi? Sababu ya kwanza ni feza, na hapa tunapaswa kurudi nyuma kidogo.

M-Pesa ya Vodacom iliingia Kongo mwaka 2012. Miaka mingi watu waliitumia kutuma franga kwa ndugu walio mbali na kununua inite. Kulipa nyanya kwa telefone kulionekana kama mchezo. Kisha vita ikaingia Goma mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu katikati ya mwezi wa pili. Banki zikafunga milango. Mtu aliyekuwa na akiba yake banki akabaki anaiangalia kwa mbali. Mishahara ya wengi ikaanza kupita kwa telefone, kwa wale waliobaki na mshahara. Franga za mkononi zikawa chache, na kutosha feza kwa cabine kukawa na makato yaliyopanda kuliko yale ya kawaida.

Hapo kila mtu akafanya hesabu ile moja: kama kutosha franga kunanikata, na mama wa mboga yeye mwenyewe yuko na M-Pesa, kwa nini nisimulipe moja kwa moja? Mama akakubali, maana naye akienda depo kulipa mchele, depo nayo inakubali M-Pesa. Feza ikaanza kuzunguka ndani ya telefone bila kugusa mkono. Kuna faida ingine ambayo mtu wa inje ya Kongo hawezi kuielewa upesi: dolari ya ndani ya telefone haipasuki. Hapa kwetu noti ya dolari yenye kutobolewa kidogo kama kichwa cha sindano inakataliwa, na magomvi mengi ya sokoni yanatokea hapo. Kwa telefone hakuna kugeuzageuza noti kwenye jua.

Lakini angalia sana. Akaunti zetu ziko mbili ndani ya moja, ya franga na ya dolari. Mtu mwenye haraka anaweza kuchagua dolari pale alipotaka franga. Kama ndani hakuna dolari za kutosha mashine itakataa, na hapo umepona. Kama ziko, unaanza kumtafuta uliyemtumia. Na kitu kingine: muuzishaji akikuambia "ongeza na za kutosha", anataka wewe ndiwe ulipe makato ambayo yeye atakatwa kwa cabine. Si wizi, lakini mukubaliane mbele ya kutuma. Magomvi mengi tunayosikia kwenye antene yanatokana na franga mia tano ya namna hiyo, si na bei yenyewe ya maharagwe.

Sababu ya pili ni wakati na usalama. Mama anayefanya kazi tangu asubuhi hadi jioni hawezi kufika sokoni wakati vitu viko vizuri. Akifika saa kumi na moja, nyanya zinazobaki ni zile zilizokataliwa na wote. Na kurudi nyumbani usiku na kitunga, na telefone, na kibeti, kila mtu wa Goma anajua anachofikiria njiani. Wazee, wagonjwa, mama aliyezaa juzi, hao wote komande imewapunguzia mzigo. Hapo hakuna ubishi.

Sasa tuingie kwenye hesabu ya moto, maana ndipo biashara hii inapokufa ao inapopona.

Tuchukue mfano tu. Umekomande vitu vya franga 15.000. Motari anaomba 3.000. Umeongeza sehemu moja juu ya tano kwa sababu ya kufikishiwa. Kama umekomande vya 5.000, motari ni yuleyule, njia ni ileile, essence ni ileile: bado 3.000. Sombe yako sasa imekuwa chakula cha tajiri. Ndiyo maana komande ndogo haina faida kwa mtu, wala kwa mteja, wala kwa muuzishaji anayejaribu kusema "livrezo ya bure". Livrezo ya bure haiko. Kama motari hakulipwa na wewe kwa jicho, amelipwa na wewe ndani ya bei ya mchele.

Hata makampuni makubwa yameshindwa na hesabu hii. Kampuni ya Jumia, yenye kuuzisha vitu mtandaoni katika nchi nyingi za Afrika, ilikuwa na kazi ya kupelekea watu chakula katika nchi saba, na kati yao ni Kenya na jirani yetu Uganda. Mwisho wa mwaka 2023 ilifunga kazi hiyo yote. Miji yao iko na barabara za lami kuliko zetu, wako na feza ya kuanzia kuliko sisi. Chakula ni kizito, bei yake ni ndogo, kinaoza, na mtu anakitaka leo, si kesho. Nguo inaweza kungoja siku tatu ndani ya depo. Sambaza haingoji.

Wauzishaji wenye akili wa hapa kwetu wamepata njia yao bila kusoma vitabu vya biashara. Wanakusanya komande za kartie moja siku moja: kazi ya Jumanne ni Ndosho na Mugunga, ya Jumatano ni Majengo na Katoyi. Motari mmoja anabeba viroba sita, gharama inagawanyika mara sita. Pengine majirani wa parsele moja wanapanga komande moja kwa pamoja, mama mmoja anaandika liste ya wote. Kwa mizigo mizito, kama mifuko ya viazi ao makala, chukudu inapita moto kwa bei, kama huna haraka. Kusema kweli, chukudu ilikuwa ikifanya livrezo hapa Goma kabla sisi wote hatujajua neno hilo.

Mimi mwenyewe niliingia kwa mlango mubaya. Tulikuwa na wageni nyumbani, nikakomande nyanya, vitunguu na kilo mbili za sambaza kwa mtu niliyeona kwenye grupu moja. Picha ilikuwa nzuri, nyanya nyekundu hadi unataka kula telefone. Nikalipa yote mbele. Vitu vikafika saa nane na nusu: nyanya za chini zimekuwa maji, maji yale yameingia mu sambaza, na kiroba kinanuka. Nikamuita muuzishaji, akasema alimpa motari vitu vizuri. Nikamuuliza motari, akasema yeye alibeba tu kile alichopewa, na njia munaijua. Nikapiga tena kwa muuzishaji, simu ikalia bila kujibiwa. Wageni walikula maharagwe.

Nimesimulia hayo si kwa kulialia. Swali lile lilinibaki: kati ya watu watatu, nani alikuwa na deni yangu? Sokoni swali hili haliko. Unashika nyanya, unaiminya, unachagua, ukishalipa na kuondoka ni yako. Kwa komande, kuchagua kumefanywa na mtu mwingine na kubeba kumefanywa na wa tatu, na wewe macho yako hayakuwa pale. Ndiyo maana mapatano yanapaswa kufanywa mbele, kwa maandishi ya WhatsApp, hata kama ni mistari miwili: kikifika kimeharibika, nani analipa, na nina saa ngapi za kusema. Sauti mliyorekodi pia inasaidia. Wauzishaji wenye kudumu wanakubali kitu hiki bila kelele. Yule anayekasirika ukimuuliza, tayari amekujibu.

Kongo iko na sheria juu ya mambo haya. Ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inayoitwa Code du numérique, inagusa pia biashara inayofanywa kwa njia ya mtandao. Lakini tuseme wazi: hakuna mtu atapeleka kesi ya kitunga cha nyanya mbele ya tribinali, na zaidi katika hali tuliyo nayo. Kinga yako ya kila siku ni kulipa nusu mbele na nusu ukishaona, ao kulipa yote mlangoni kwa telefone motari akiwa bado pale. Muuzishaji naye ana haki ya kuogopa, maana wako wateja wanaokomande, kisha wanazima telefone, na kiroba kinabaki kuzunguka muji juu ya moto. Nusu kwa nusu inawatuliza wote wawili.

Kuna wezi pia, na hao si wauzishaji. Mtu anakutumia mesaje inayofanana na ya M-Pesa ao Airtel Money: "Umepokea franga..." Kisha anakupigia simu, analia, anasema alikosea namba, umurudishie. Ukiangalia salio yako mwenyewe, hakuna kilichoingia. Muuzishaji mwenye komande ishirini kwa siku ndiye anayeanguka kwa urahisi, kwa sababu anapokea mesaje nyingi na hana wakati wa kuhakikisha. Usitoe mzigo kwa kuonyeshwa mesaje kwenye telefone ya mteja. Angalia salio kwenye telefone yako. Na kode ya siri haiulizwi na mtu wa kampuni yoyote, hata akijua jina lako na la baba yako.

Sasa wale wa mama ambao hawako kwenye WhatsApp, wamepata nini?

Hapa ndipo moyo wangu unabaki mzito kidogo. Mama aliye na meza Virunga tangu miaka mingi hakuzoea kuuzisha kwa picha. Anauzisha kwa mdomo na kwa mkono. Anakujua, anajua mtoto wako aliugua wiki ile, anakuongezea matabishi, nyanya mbili tatu juu ya fungu. Ukikosa, anakuachia kwa deni hadi mwisho wa mwezi, bila karatasi. Kwenye grupu ya WhatsApp matabishi imekufa. Na deni nayo haiko: unalipa ao unakosa. Familia nyingi za Goma zimepita miezi migumu ya 2025 kwa sababu mama fulani wa soko alikubali kuandika jina lao mu daftari. Na siku zile za mwisho wa mwezi wa kwanza, umeme ulipokatika na intaneti nayo ikakatika, hakuna aliyekula kwa WhatsApp. Waliotoka mbio kati ya milio ya risasi kutafuta unga walienda kwa mtu wanayemujua, wa karibu.

Lakini si kweli pia kusema kwamba komande inamuua mama wa soko. Kamisioneri ananunua wapi? Ananunua kwake. Kilichobadilika ni nafasi yake. Zamani faida ya bei nzuri ilikuwa ya mama. Sasa anamuuzishia kamisioneri kwa bei ya jumla, haraka, asubuhi, na faida ya mlangoni inaenda kwa mwenye telefone. Wako wa mama walioona hivyo na kujipanga kwa kikundi, wanne ao watano wa meza za jirani, mmoja mwenye telefone nzuri anapokea liste, kila mmoja anatoa kitu chake, na feza inagawanywa jioni. Hao wanaendelea kushika bei yao.

Kuna wateja wa mbali pia, na hao wanabadilisha mambo kuliko tunavyofikiri. Mtoto aliye Kampala, Nairobi, Ubelgiji ao Kanada alikuwa anamtumia mama yake Goma feza, na feza ilikuwa inapitia kwa mjomba, kwa shemeji, ikifika imekonda. Sasa anamlipa muuzishaji mwenyewe, na mama anapokea mfuko wa mchele, mafuta na maharagwe, pamoja na picha yake amekaa karibu na mfuko. Shemeji hajafurahi, hiyo ni kweli. Na mama wengine hawajafurahi pia, juu walitaka feza, wachague wenyewe kama wiki hii ni mchele ao ni dawa.

Kitu kimoja bado hakijatengenezwa vizuri, nacho ni kipimo. Sokoni unaona murongo inavyojazwa, kama imejaa hadi kilele ao imepigwa juu kwa mkono. Unaona guigoz kama iliminywa chini. Kwa WhatsApp neno ni lilelile "murongo moja", lakini maharagwe hayafanani. Wachache wameanza kutumia kilo na mizani, na wateja wanawapenda. Kama unakomande mara ya kwanza kwa mtu, uliza bei kwa kilo, ao omba video fupi wakati wa kupima. Ni mega kidogo tu.

Na ukikomande kwa mama wa Kituku, usishangae akikujibu saa saba. Si dharau. Wa mama wengi pale hawana telefone ya WhatsApp yao wenyewe. Ile ya kupigia picha ni ya mtoto, na mtoto akiisha kuweka mananasi kwenye statut asubuhi, anaenda nayo shuleni.